Kompyuta ya mezani ya zamani iwe seva ya mafaili nyumbani: ubaki na Windows, uweke OpenMediaVault au TrueNAS?

Dell OptiPlex 790 au HP Compaq 8200 iliyostaafu ofisini na kuishia chini ya meza huko Njiro (Arusha) au Pasua (Moshi) bado ina nguvu za kuhudumia mafaili ya nyumba nzima. Kugawa picha, video na vyeti vilivyoskaniwa kwa simu nne na laptop mbili hakuichoshi prosesa ya mwaka 2011. Watu hukwama kwingine, kwenye mfumo wa kuiendesha. Je, waiache Windows iliyomo na kugawa folda tu, waifute na kuweka OpenMediaVault, au waende moja kwa moja kwenye TrueNAS, mifumo miwili iliyotengenezwa kwa kazi ya seva ya mafaili?

Ulinganisho mwingi wa mifumo hii huanzia kwenye kasi na wingi wa vipengele. Kwa Arusha na Moshi tunaona maswali mawili yatangulie. Umeme ukikatika ghafla, mafaili yanabaki salama kiasi gani? Na mashine ikifa, ni nani karibu nawe atakayeweza kuisoma diski yako?

Vigezo tunavyotumia

Kila mfumo tutaupima kwa mambo yaleyale: vifaa unavyotaka, kazi ya kuuweka na kuutunza, tabia yake umeme ukikatika, namna ya kuokoa mafaili mashine ikifa, na mtu unayemfaa.

Kasi hatukuiweka kwa makusudi. Nyumbani, kasi huamuliwa na mtandao kabla ya mfumo. Kwenye mtandao wa gigabiti 1 utapata takribani MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo GB 100 za picha zinahama kwa robo saa. Kwenye mtandao wa megabiti 100 utapata MB 11 hivi, na mzigo uleule unachukua saa mbili na nusu. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100, kwa hiyo soma maandishi yaliyo chini yake. Kagua pia waya. Gigabiti inataka nyuzi zote nane za ndani, na fundi aliyebana nne tu amekushusha hadi megabiti 100 bila wewe kujua. Ukiona uhamishaji umegota kwenye MB 11, anza na ncha za waya kabla hujaulaumu mfumo.

Mashine yenyewe kwanza

Hakuna mfumo utakaoficha ubovu wa vifaa, na hapa ndipo seva nyingi za nyumbani zinapofia.

Fungua kasha, upulize vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya kupoza prosesa. Vumbi la Arusha wakati wa kiangazi hujaa ndani ya miezi michache tu. Fanya kazi hiyo mara mbili kwa mwaka. Moshi iko chini zaidi na ina joto, hasa Januari hadi Machi, kwa hiyo usiiweke mashine ndani ya kabati lililofungwa. Diski ikizidi nyuzi joto 45 kwa muda mrefu, isogeze penye hewa.

Badilisha betri ya saa, ile ya duara aina ya CR2032. Ikifa, kila umeme ukikatika BIOS, yaani programu ya kuwashia mashine, inasahau mipangilio, saa inarudi nyuma miaka, na mashine inasimama kwenye skrini ya onyo ikisubiri mtu abonyeze F1. Seva isiyo na kibodi itasubiri hivyo hadi jioni.

Kisha ipime diski. Kwenye Windows tumia CrystalDiskInfo. Kwenye Linux, amri ni `smartctl -a /dev/sda`. Angalia namba tatu: ya 5, ya 197 na ya 198. Zinahesabu sehemu za diski zilizokufa au zinazokaribia kufa. Yoyote kati yake ikiwa juu ya sifuri, diski hiyo isibebe picha za familia. Namba ya 9 ni saa ambazo diski imewaka. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski ya mtumba yenye saa 45,000 imeshafanya kazi miaka mitano mfululizo, hata kama muuzaji anasema ni kama mpya. RAM nayo ipime kwa MemTest86+ usiku mzima; kosa moja tu linatosha kuitoa.

La mwisho ni nyaya za umeme wa diski. Kiunganishi cha kugeuza plagi ya zamani ya pini nne kuwa ya SATA, kile ambacho plastiki yake imemiminwa juu ya nyaya, kinajulikana kwa kupiga shoti na kuungua. Tumia kile ambacho kila waya umebanwa peke yake, au nunua pawa saplai yenye plagi za SATA za kutosha.

Kubaki na Windows

*Vifaa.* Vilivyopo vinatosha. RAM ya GB 4 inafanya kazi, na diski ya pili kwa ajili ya mafaili ni bora kuliko kuyachanganya na mfumo. Diski ikizidi TB 2, iandae kwa mpangilio wa GPT. Ukitumia ule wa zamani wa MBR, kinachozidi hapo hakitaonekana.

*Kuiweka na kuitunza.* Ni kazi ya nusu saa. Weka mtandao kuwa Private, tengeneza akaunti ya kawaida yenye nenosiri kwa kila mtu, kisha bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, Sharing, halafu Advanced Sharing. Ruhusa zipo sehemu mbili, kwenye Sharing na kwenye Security, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Wengi hufungua ya kwanza wakaisahau ya pili, kisha wanashangaa kwa nini mtoto anaiona folda lakini hawezi kuhifadhi kitu ndani yake. Kosa jingine ni PIN: ile ya kufungulia kompyuta haifai kuingilia kupitia mtandao, lazima nenosiri lenyewe. Zima pia usingizi wa mashine.

Tatizo zito liko kwenye umri. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea. OptiPlex 790 ni kizazi cha 2. Kwa hiyo unaendesha mfumo usiopata marekebisho ya kawaida ya usalama. Ukiuchagua, mashine hiyo isitumike kuperuzi wala kufungua barua pepe. Ifanye kazi ya seva tu.

*Umeme ukikatika.* NTFS, namna Windows inavyopanga mafaili kwenye diski, ina daftari la mabadiliko, kwa hiyo mara nyingi inaamka yenyewe. Lakini faili lililokuwa linaandikwa linaweza kuharibika, na Windows ikikatwa mara kwa mara inaweza kunasa kwenye skrini ya kujirekebisha. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) yenye waya wa USB inaonekana kama betri ya laptop, nawe unaiambia izime mashine chaji ikishuka.

*Mashine ikifa.* Hapa Windows inaongoza kwa mbali. Unachomoa diski, unaichomeka kwenye laptop yoyote kwa kiunganishi cha SATA kwenda USB, na mafaili yanaonekana. Fundi yeyote karibu na Mnara wa Saa au Double Road anaiweza kazi hiyo.

*Inamfaa* mwenye nyumba asiyependa kujifunza mfumo mpya, mwenye watumiaji wachache, na anayetaka mashine hiyohiyo iendelee kuendesha printa ya zamani yenye programu za Windows tu.

OpenMediaVault

Huu ni mfumo wa bure uliojengwa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, na tangu 2011 kazi yake ni hiyo moja: seva ya mafaili unayoisimamia kupitia kivinjari.

*Vifaa.* RAM ya GB 1 inatosha kuanzia. Kwa GB 2 au 4 utakuwa huru. Unataka diski mbili, moja ya mfumo na nyingine ya mafaili. Diski ya zamani ya GB 160 au 250 iliyokuja na mashine, ikifaulu vipimo vya hapo juu, ni ya mfumo. SSD ndogo ni bora zaidi. Flashi nayo inawezekana, lakini mfumo huandika kumbukumbu zake muda wote na kuichosha, kwa hiyo usiisahau nyongeza ya flashmemory inayopunguza maandishi hayo.

*Kuiweka na kuitunza.* Tenga jioni moja. Andika faili la ISO kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher, kisha chomoa waya wa diski ya mafaili kabla ya kuanza. Kisakinishi kinafuta diski nzima utakayoichagua, na kwenye orodha yake diski mbili za ukubwa mmoja zinafanana kama mapacha. Chomeka waya wa mtandao, chagua saa za Africa/Dar_es_Salaam, subiri imalize, zima, kisha urudishe ule waya wa diski.

Ikiwaka itakuonyesha anwani ya IP. Iandike kwenye kivinjari cha laptop, ingia kwa jina `admin` na nenosiri `openmediavault`, na ubadilishe nenosiri hilo palepale. Baada ya hapo njia ni hii: Storage, Disks, kufuta diski ya mafaili, File Systems, kutengeneza ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), Shared Folders, kutengeneza folda, Users, kuandikisha watu, mwisho Services, SMB/CIFS (huduma ya kugawa folda kwenye mtandao), kuiwasha na kuongeza folda zako. Kila hatua inasubiri uithibitishe kwenye ujumbe unaotokea juu ya ukurasa. Asiyethibitisha atazunguka saa nzima akitafuta kosa ambalo halipo.

Kwenye ruta, ifungie seva anwani moja, tuseme 192.168.1.50. Usipofanya hivyo, ruta ikizimika na kuwaka inaweza kuipa anwani nyingine, na njia za mkato za nyumba nzima zikafa. Kwenye Windows watu wataandika `\\192.168.1.50\familia`, kwenye simu za Android, VLC inaweza kucheza video moja kwa moja kutoka kwenye folda hiyo.

*Umeme ukikatika.* Ext4 nayo ina daftari la mabadiliko na huamka vizuri. Ikizidiwa, mashine inasimama kwenye skrini nyeusi ya maandishi ikiomba amri ya `fsck` ya kukagua na kurekebisha diski, na hapo utahitaji kibodi na kioo. Usivigawe vyote. Kuna nyongeza ya NUT inayosikiliza UPS na kuizima seva kwa utaratibu, lakini UPS lazima iwe na tundu la USB la mawasiliano. Zile za bei ya chini kabisa hazina. Zinapiga kelele tu, na saa nane usiku seva haina masikio.

Kwenye BIOS, weka mashine ijiwashe umeme ukirudi: kwa Dell inaitwa AC Recovery, kwa HP After Power Loss. Chagua kuwaka, usichague hali ya mwisho. UPS ikishaizima seva kwa utaratibu, hali ya mwisho ni kuzimwa, kwa hiyo umeme utarudi nayo itabaki imelala. Jambo hili linahusu mifumo yote mitatu.

*Mashine ikifa.* Diski ya ext4 inasomeka kwenye Linux yoyote, hata Ubuntu iliyowashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Windows haiisomi, na hatari iko hapo. Fundi akiichomeka kwenye Windows, mashine inaweza kumwonyesha kuwa diski ni tupu au kumwomba aiformati. Akibonyeza ndiyo, umekwenda na maji. Bandika karatasi juu ya diski: *Linux ext4, usiformati*. Karatasi hiyo ni kinga ya bei ndogo kuliko zote.

*Inamfaa* mwenye RAM kidogo na diski za ukubwa tofauti alizookoteza, aliye tayari kujifunza kwa wikiendi moja, na anayetaka mfumo unaopata marekebisho bila kununua mashine nyingine.

TrueNAS

Ulianza mwaka 2005 kwa jina la FreeNAS, juu ya FreeBSD. Toleo linaloendelezwa sasa limejengwa juu ya Linux. Moyo wake ni ZFS, namna ya kupanga diski inayoweka alama ya uhakiki kwenye kila kipande cha data na kukikagua kila kinaposomwa.

*Vifaa.* Unadai zaidi. RAM isipungue GB 8, na mashine za umri huu hutumia DDR3. Unataka SSD ya mfumo peke yake, ambayo hutaweka mafaili yako humo, pamoja na diski mbili za ukubwa mmoja zinazobeba nakala sawa, kama pacha. Hizo ni plagi tatu za SATA, na makasha madogo mara nyingi yana nafasi ya diski moja tu ya inchi 3.5. Pima kwa rula kabla ya kununua. Epuka diski zinazotumia uandishi wa SMR, ambao njia za data hupandiana, kwa sababu kujenga upya pacha iliyokufa kunaweza kuchukua muda mrefu mno. Diski za nje za USB usizitegemee kwa ZFS. Zikichomoka kidogo tu, kundi zima linayumba.

*Kuiweka na kuitunza.* Kusakinisha ni kwepesi. Ugumu uko kwenye ruhusa: kila sehemu ya hifadhi ina orodha yake ya nani afanye nini, na anayebofya bila kusoma anaweza kujifungia nje ya folda yake mwenyewe. Chagua mpangilio wa SMB pale unapotengeneza sehemu ya hifadhi, usingoje baadaye. Panga ukaguzi wa diski zote kila mwezi. Pakua faili la mipangilio na ulihifadhi nje ya seva. Ukisimba diski kwa ufunguo, pakua na ufunguo.

*Umeme ukikatika.* Ndiyo imara kuliko zote tatu. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Inaandika pembeni, kisha inageuza kielekezi. Umeme ukikatika katikati, hali ya mwisho iliyokamilika ipo palepale. Huduma ya UPS imo ndani tayari. Inayo pia snapshoti, yaani hali ya folda ilivyokuwa saa fulani, inayochukua nafasi kidogo. Laptop moja ikipata kirusi kinachofunga mafaili kwa nywila, unairudisha folda ilivyokuwa jana. OpenMediaVault inaweza kitu cha namna hii ukitumia Btrfs, ila si rahisi kama hapa.

Lakini elewa mpaka wake. Kwa diski moja, ZFS itakuambia faili limeharibika na haitaweza kulitibu. Tiba inatoka kwa pacha.

*Mashine ikifa.* Unahamisha diski kwenye kompyuta nyingine, unasakinisha TrueNAS, unaingiza kundi la diski na kurudisha faili la mipangilio. Kwa Ubuntu, unaongeza `zfsutils-linux` na kutumia `zpool import`. Inafanyika vizuri, ila kwa anayejua. Kama wewe ndiye pekee unayejua na umesafiri, familia itasubiri. Andika hatua hizo kwenye karatasi na uiache ndani ya kasha.

*Inamfaa* mwenye mafaili yasiyopatikana tena na anayelipwa kwa sababu yake: mpiga picha wa harusi, au ofisi ya utalii yenye picha na video za safari za miaka kumi.

Gharama ya LUKU

Hapa mfumo hauleti tofauti kubwa. Mashine ndiyo inayokula. Kompyuta ya aina hii ikiwa haina kazi hutumia takribani wati 40 hadi 70. Chukua 50: kwa saa 24 ni uniti 1.2, kwa siku 30 ni uniti 36. Chukua risiti yako ya LUKU, gawanya fedha kwa uniti, uzidishe. Usitumie risiti ya kwanza ya mwezi, kwa kuwa kodi ya jengo imekatwa humo. Aliye kwenye tarifa ya D1, yenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, afikirie vizuri, kwani uniti 36 ni karibu nusu ya ukomo huo. Kuizima saa nane za usiku kunaishusha hadi uniti 24, na BIOS nyingi zinaweza kuiwasha asubuhi kwa saa uliyopanga.

UPS ya VA 650 yenye betri mpya ya Ah 7 itaibeba seva na ruta kwa nusu saa hivi. Inatosha kuzima salama, haitoshi kusubiri umeme urudi.

Yanayobaki yaleyale kwa mifumo yote

Diski mbili pacha si nakala ya akiba. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye zote mbili sekunde hiyohiyo. Nunua diski ya nje, nakili kila wiki, ichomoe, na ikiwezekana ikae nyumba nyingine, kwa shangazi Usa River au Machame.

Usifungue mlango namba 445 wa ruta ili uione seva ukiwa mbali. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kupitia huduma hiyohiyo ya kugawa mafaili. Ukiwa safarini tumia njia ya faragha kama WireGuard.

Usitegemee kuingia bila nenosiri. Windows 11 toleo la 24H2 linakataa folda za wageni, kwa hiyo iliyokuwa inafunguka jana inaweza kugoma baada ya sasisho. Dawa ni kumpa kila mtu jina na nenosiri lake. Na kama unataka kuvuta waya hadi nyumba ndogo ya uani, kumbuka radi za masika: waya wa shaba kati ya majengo mawili unaweza kuileta hadi kwenye mazabodi. Tumia mtandao wa hewa hapo.

Ukiwa na hali hii, anza hapa

RAM ni GB 4, diski moja, huna UPS, na hakuna nyumbani anayejua Linux: baki na Windows, nunua kwanza diski ya nje ya nakala, na fedha inayofuata iende kwenye UPS.

RAM ni GB 2 hadi 4, una diski mbili zisizolingana, na unapenda kujifunza: OpenMediaVault, pamoja na ile karatasi juu ya diski.

RAM ni GB 8 au zaidi, kasha ni refu, na unaweza kununua diski mbili mpya: TrueNAS, lakini UPS yenye USB iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Una RAM ya GB 8 lakini kasha ni dogo lenye nafasi ya diski moja: TrueNAS itakunyima faida yake kubwa. OpenMediaVault, na diski ya nje inayonakiliwa kila wiki, inakutosha.

Upo mwisho wa uniti zako za D1: seva ya saa 24 isikuumize. Weka mfumo wowote unaouweza, iwashe jioni familia ikiwa nyumbani, iache inakili mafaili ya siku, kisha uizime kabla ya kulala.